Mvinyo Unaopenda Mafuta

Jumamosi asubuhi katika soko la St. Lawrence, Toronto, huwezi kugeuza shingo bila kumgonga mtu, na Gakii alikuwa amechelewa. Alivaa koti jekundu lililomkaa vizuri kiunoni, buti za kufika magotini, na kofia ya sufi aliyoivuta mpaka kwenye nyusi kwa sababu wiki hiyo hakuwa amesuka. Alitoka Flemingdon Park kwa basi akiwa na jambo moja tu kichwani, nalo ni miguu ya bata. Alipopenya mpaka mbele ya muuza nyama akakuta sinia tupu, na mwanamume mmoja mrefu, mwenye jaketi la kazi lenye michirizi ya kung'aa, anapokea mfuko uliojaa pomoni.

Sasa Gakii ana tabia moja ya watu waliozoea kuishi ugenini. Akiudhika hutoa maneno yake kwa Kiswahili, waziwazi, akiamini hakuna anayemwelewa.

"Bata wote hao," akasema. "Utadhani analisha jeshi."

Yule mwanamume akageuka. Alikuwa na macho ya utundu, na ndevu zilizochongwa kwa uangalifu mwingi kuliko lile jaketi lilivyostahili.

"Si jeshi, dada. Ni kwaya ya maman yangu. Jeshi lina afadhali."

Gakii alitamani ardhi ipasuke immeze pale pale. Lakini bwana yule hakukasirika hata kidogo. Alijitambulisha kuwa ni Mugisho, kwao Bukavu, fundi wa lifti za maghorofa, na akataka kujua binti wa watu anataka bata wa nini. Gakii akamweleza. Yeye ni Mmeru wa Kenya, anafanya kazi katika mkahawa wa Kifaransa katikati ya mji, na kazi yake si kupika wala kufuta meza. Kazi yake ni mvinyo: kuuchagua, kuufungua, na kumwambia mgeni upi unakwenda na chakula kipi. Mugisho akaona ni mzaha. Kumbe kuna watu wanalipwa kwa kunywa? Gakii akamwambia analipwa kwa kutema, maana wakionja huwa hawamezi. Mugisho alicheka mpaka muuza nyama akawakodolea macho.

Bata alimtaka kwa sababu ya mvinyo mwekundu mmoja uitwao Madiran. Unatoka kusini magharibi mwa Ufaransa, karibu na milima ya mpaka wa Hispania. Ni mweusi kwenye glasi na mkali, una ukakasi unaokaza ulimi mithili ya ndizi mbichi. Ukiunywa mtupu utamlaani aliyekupa. Lakini uunywe na kitu cha mafuta, bata, mbavu za kondoo, maharage yaliyopikwa na nyama nono, hapo ukakasi unayeyuka na mvinyo unakuwa laini. Gakii aliyasema haya yote amesimama katikati ya watu waliokuwa wanamsukuma kwa vikapu, na mikono yake ilikuwa inacheza hewani. Mugisho alimsikiliza kwa umakini ambao wanaume wengi huwa wanauweka kwa ajili ya mpira.

Akamgawia miguu miwili ya bata. Badala ya hiyo miwili akaomba namba ya simu, na akaipata bila shida.

Wiki ile ile simu zikaanza. Mugisho alipiga akiwa amekaa juu ya lifti mbovu ndani ya shimo la ghorofa, kelele za vyuma nyuma yake, anauliza, "Mwalimu, leo nimekula samaki wa kukaanga na mchicha. Ningekunywa nini?" Gakii akamjibu maji, kwa sababu yuko kazini na akianguka humo ndani hakuna wa kumwokota. Wakataniana hivyo mpaka ikawa siku isiyokuwa na simu ni siku iliyoharibika. Mugisho alimwita Mwalimu, kisha akamwita chérie, yaani mpenzi, kisha akasahau kabisa kwamba msichana ana jina.

Siku aliyokuja kwake Flemingdon Park kwa mara ya kwanza, Gakii alivaa gauni la kijani la mikono mirefu na akapika bata kama Mugisho alivyomwelekeza: taratibu, ndani ya mafuta yake mwenyewe, mpaka nyama ikaachana na mfupa bila kulazimishwa. Alimmiminia Madiran kabla ya chakula, makusudi. Mugisho akakunja uso wote. Gakii akamlisha kipande cha bata kwa mkono wake na kumwambia aonje tena. Mugisho akaonja, akatulia, akaitazama glasi, akamtazama aliyemlisha, na alichokisema baada ya hapo kilihusu mvinyo kidogo sana. Bata waliobaki walipoa.

Mapenzi yakashika. Gakii alikuwa na miaka saba Toronto, hana ndugu wala shangazi katika mji ule, na sikukuu zote alizimaliza kazini akiwafungulia watu wengine chupa. Alimtaka huyu. Hakujificha na wala hakujidanganya. Alimtaka awe mume wake, na alitaka nyumba yenye watu wa kumuuliza kwa nini umechelewa. Mugisho naye alimtaka, ila palikuwa na mtu mmoja wa kuvukwa, na huyo ni Maman Épiphanie.

Maman Épiphanie alikuwa mjane, na Mugisho ndiye mwanawe wa pekee. Alifika Canada na mtoto mkononi, akalea, akauguza wazee wa watu mpaka mgongo ukagoma, na sasa alikuwa amestaafu nyumbani kwake Lawrence Heights akiongoza kwaya ya parokia kwa mkono wa chuma. Mugisho hajawahi kumjibu mama yake tangu azaliwe. Akisema kaa, anakaa. Kwa hiyo mwaliko ulipokuja, chakula cha Jumapili baada ya misa, pamoja na akina mama wa kwaya, Gakii alijua anakwenda kupimwa.

Alichagua zawadi kwa moyo wake wote. Mugisho alikuwa amemwambia kwamba siku hiyo kutapikwa bata kwa mawese, sombe ya majani ya muhogo, na maharage yenye kwato. Chakula kile kilikuwa kinalilia Madiran. Gakii alichukua chupa nzuri kuliko zote alizowahi kuwa nazo, ya miaka mingi, akaifunga kwa kitambaa, akavaa kitenge kipya cha bluu na njano, akajitazama kwenye kioo cha lifti mpaka chini.

Kosa lilianza mara tu alipoingia. Katika nyumba ya Maman Épiphanie, kinywaji alicholeta mgeni hufunguliwa kabla chungu hakijafunuliwa, na mwenye nyumba hukionja wa kwanza, watu wote wakitazama, ndiyo ishara kwamba mgeni amepokelewa. Gakii hakujua. Mugisho alijua. Alimwona mama yake anachukua kizibuo, alijua fika mvinyo ule ukinywewa na tumbo tupu unafanya nini mdomoni, na hakusema kitu. Gakii alinong'ona kwamba pengine chakula kingetangulia. Maman Épiphanie akamjibu kwa upole tu kwamba mu nyumba yake mgeni haanzi na sahani. Akajimiminia, akanyanyua glasi mbele ya akina mama saba au wanane waliojipanga kwenye makochi na vitenge vyao vya misa, akameza.

Uso ukamkunjika. Mmoja wa akina mama akauliza kama ni dawa. Wengine wakacheka, na Maman Épiphanie, ili asimwaibishe mgeni, akafanya jambo la huruma: akavuta chupa ya Coca-Cola na kutaka kuupoza ule mvinyo. Ndipo mkono wa Gakii ukatangulia akili yake.

Pale mkahawani ndivyo anavyofanya siku nzima. Mgeni akikosea glasi, au mvinyo ukiwa umeharibika, Gakii anaiondoa kwa adabu na kuleta nyingine, na mgeni anamshukuru. Akainyakua glasi kutoka mkononi mwa Maman Épiphanie, akaiweka mbali, akasema huu hauwekwi soda.

Maman Épiphanie aliutazama mkono wake mtupu, kisha akaenda jikoni. Chakula kikaliwa kimya kimya. Chupa ile ikabaki juu ya kabati, hakuna aliyeigusa tena, na Mugisho aliyeketi kando ya Gakii alikuwa anakata bata kwa uangalifu wa ajabu huku macho yake yamezama kwenye sahani.

Mugisho alipiga simu jioni.

"Ulimtoa mama yangu glasi mkononi. Mbele ya watu wake."

"Na wewe ulijua asingeuweza kabla ya kula. Ulikaa pale ukanyamaza."

"Ningesema nini, Gakii? Ni desturi ya nyumba."

"Ungesema chochote. Ungesema hata jina langu."

Mugisho akamtaka aende akaombe msamaha. Gakii, aliyekuwa bado na kitenge chake mwilini na hajala cha maana tangu asubuhi, akauliza aombe msamaha wa nini, wa kuzuia mvinyo wa aina ile usiharibiwe? Yakasemwa mengine ambayo hayana haja ya kurudiwa. Mwishowe Mugisho akasema hawezi kuoa mtu anayemdharau mama yake, Gakii akasema hawezi kuolewa na mtu asiye na ulimi, na simu ikakatwa. Nani aliyeikata, kila mmoja ana jibu lake.

Baridi iliisha bila simu. Gakii alifanya kazi, alitabasamu, alimimina. Kila akipanda lifti ikasita kidogo kati ya ghorofa moyo ulimshtuka, maana hakuna fundi mwingine aliyemjua. Rafiki yake mmoja wa kazini alimshauri apakue programu ya simu atafute bwana mwingine. Akaipakua, akawatazama wanaume wa watu, akaifuta. Alilia pia, hilo tuliseme, tena bafuni na bomba limefunguliwa ili majirani wasimsikie. Lakini kuomba msamaha hakutaka. Kila akikumbuka ile Coca-Cola alijiona ana haki.

Mwezi wa nne alikuja mgeni pale mkahawani, mama mmoja Mfaransa mwenye shamba la mizabibu huko huko Madiran, aliyetembezwa mjini na waagizaji wake awaonjeshe watu mvinyo wa mavuno mapya. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na kitambaa cha hariri shingoni, amesoma, anazungumza lugha nne, na mvinyo wake ulikuwa ndio ule ule aliouchukua Gakii siku ile. Baada ya kazi wafanyakazi walikaa naye kula. Mpishi alikuwa amepika supu ya kabichi, maharage na mfupa. Yule mama alikula yaliyo mazito, akabakiza mchuzi, kisha akachukua chupa ya mvinyo wake mwenyewe na kuumimina humo humo ndani ya bakuli, mwingi tu, akalikoroga, akalinyanyua kwa mikono miwili na kulinywa mpaka chini.

Mkono wa Gakii ulikuwa umeshafika nusu ya meza. Aliurudisha na kuukalia.

Akamuuliza kwa nini amefanya hivyo. Mama yule akashangaa kuulizwa. Akasema kwao wote wanafanya hivyo, mama yake alifanya, bibi yake alifanya, na mvinyo akiutengeneza yeye anautengeneza ili watu waunywe wanavyopenda nyumbani kwao. Akapangusa mdomo akaanza kuzungumzia mvua.

Gakii hakuisikia hiyo mvua. Alikuwa anaiona sebule ya Lawrence Heights, na mwanamke mtu mzima anayetazama kiganja chake kisicho na kitu. Ile haki aliyoikumbatia baridi nzima ilimtoka, na kilichobaki kilikuwa aibu tupu. Hakikuwa kisa cha soda wala mvinyo. Alikuwa amemnyang'anya mtu kitu nyumbani kwake.

Siku yake ya mapumziko alivaa gauni la kawaida, akachukua chupa ya Madiran, akaenda. Mugisho alikuwa kazini, naye alilijua hilo na ndiyo maana akachagua saa ile. Maman Épiphanie alifungua mlango akiwa amejifunga liputa, kitenge cha nyumbani, kifuani, mwiko mkononi. Akamtazama kwa muda mrefu, akaitazama na chupa, akasogea kando. Harufu ya mfupa wa ng'ombe na tangawizi ilikuwa imejaa nyumba nzima.

Wala hakukuwa na salamu ndefu. Maman Épiphanie akachukua kizibuo kama desturi ilivyotaka, akafungua, akajimiminia kidogo. Kisha akamkazia Gakii macho, akaichukua Coca-Cola kwenye friji na kutia. Gakii akasogeza glasi yake mwenyewe mbele.

"Na mimi nitilie, Maman."

Akatiliwa, akanywa. Hakikuwa kitu kitamu, tusidanganyane, lakini hakikuwa kibaya kama alivyokuwa ameapa. Akaiweka glasi chini, akapiga magoti pale pale kwenye sakafu ya jikoni, jambo ambalo hakuwa amelipanga kabisa.

"Nilikunyang'anya glasi nyumbani kwako, mbele ya wageni wako. Nikarudi kwangu nikasema nina haki. Sikuwa nayo. Nisamehe, Maman."

Maman Épiphanie alizima jiko kwanza. Akavuta kiti akakaa, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya kuongoza kwaya.

"Inuka, mwana wangu, sakafu ni baridi. Nikuambie kitu. Tangu nifike hii inchi, watu wananitoa vitu mu mikono. Ofisini wananitoa kalamu, wananijazia wao, wanasema naandika polepole. Kazini nashika kijiko cha mzee, binti wa juzi ananitoa, ananionyesha namna ya kulisha. Mimi niliyelisha watoto na wazee maisha yote. Nikawa najiambia, bon, nje ni kwao. Mu nyumba yangu hakuna atakayenitoa kitu. Halafu ukaja wewe, tena unasema Kiswahili."

Machozi yalikuwa yanamtoka Gakii. Maman Épiphanie akamwacha alie mpaka akatosheka, akampa ncha ya liputa ajifutie, akampakulia supu. Walipokula yaliyo mazito na kubaki na mchuzi uliong'aa mafuta, Gakii akamsimulia habari za yule mama wa suti ya kijivu. Maman Épiphanie akadhani anachezewa. Gakii akamimina mvinyo ndani ya bakuli lake akanywa wa kwanza. Mwenye nyumba akafuata, kwa mashaka. Akalamba mdomo. Akamimina tena, safari hii bila mashaka yoyote, akasema Wafaransa wale kumbe ni watu.

Wakaendelea hivyo mpaka chungu kikafika nusu, na maneno yakafunguka. Maman Épiphanie akasema kwamba kosa la siku ile halikuwa la mtu mmoja. Mtoto wake alijua, naye alikaa akakata bata. Alimlea peke yake mu inchi za watu, akamfundisha kunyamaza ili wasipate matatizo, na sasa anaona amemfundisha kupita kiasi. Tangu baridi ianze kijana anakula kama mgonjwa wa hospitali na hasemi kwa nini. Akamwambia Gakii arudi Jumapili, na watu wote wa siku ile watakuwepo.

Jumapili walikuwepo kweli, makochi yamejaa. Mugisho alifungua mlango akiwa na shati jeupe, na alipomwona Gakii amesimama pale na kile kitenge cha bluu na njano alishika mwimo wa mlango. Alikuwa amekonda. Gakii naye akamsalimu. Walipita ndani, Maman Épiphanie akaonja kinywaji cha mgeni kama ilivyo ada, akatangaza kwa kila aliye na masikio kwamba binti huyu amepokelewa mu nyumba yake. Halafu akakaa, akakunja mikono, akamtazama mwanawe. Chungu hakikufunuliwa. Akina mama wakaanza kutazamana.

Mugisho akaelewa. Akasimama, jasho likimtoka kama yuko ndani ya shimo la lifti.

"Siku ile nilijua," akasema. "Nilijua huu mvinyo unataka chakula kwanza. Nilimwona Maman anaumia, nikamwona Gakii anaumia, nikatazama sahani. Maman, unisamehe. Gakii, unisamehe." Akameza mate. "Mimi nampenda huyu mwanamke. Nataka kumuoa. Nalisema mbele yenu wote ili hata nikiogopa tena, mnikumbushe. Gakii, utanikubali?"

Gakii alimtazama, akayatazama yale makochi yaliyojaa wanawake walioacha kupumua, akamtazama Maman Épiphanie aliyekuwa anajipepea kwa ukingo wa kitenge na kujifanya hana haraka. Moyo wake ulikuwa umeshajibu zamani, lakini alitaka kitu kimoja.

"Nakukubali," akasema. "Lakini baba yangu utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Ni mzee wa kanisa la Methodisti, hajagusa pombe tangu azaliwe, hajui kama kazi yangu ni mvinyo, na hajui kama upo."

"Leo?"

"Sasa hivi. Kwetu Meru hawajalala."

Akaitoa simu mkobani, akaitafuta namba, akaipiga, akamkabidhi ikiwa inaita. Akina mama wa kwaya walisogea mbele kwenye makochi yao wote kwa pamoja. Mugisho aliishika simu kwa mikono miwili, na sauti nzito ya mzee ilipouliza ni nani huyo, alivuta pumzi akajibu.

"Shikamoo, baba. Naitwa Mugisho. Naomba unisikilize, maana nina mengi ya kukuambia."